Baridi Yangu, Joto la Njeri

Mwezi wa nane Dubai hata paka hawatoki chini ya magari, na mimi nilikuwa navaa soksi jozi mbili, sweta, na mtandio mzito kichwani, ndani ya chumba. Nayaandika haya kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani ametolewa tezi ya shingo kama mimi, amepunguziwa dawa, na sasa anajiona anageuka mtu mwingine na hajui kwa nini. Nataka asome. Lakini nisijifanye mwema. Nayaandika pia kwa sababu kuna mtu nilimkosea wakati ule, na siwezi kuusingizia ugonjwa kila kitu.

Naitwa Zuhura, mtu wa Tanga, mama wa mtoto mmoja, Asha, anayelelewa na mama yangu. Nafanya kazi ya udobi katika hoteli moja hapa Al Muraqqabat, upande wa kupiga pasi mashuka. Goita yangu ilitolewa Dar miaka kadhaa kabla sijaja huku, tezi yote ikaondoka nayo, na tangu hapo kila asubuhi nameza kidonge kidogo kinachofanya kazi ambayo tezi ingefanya. Zaidi ya hapo mambo ya utabibu siyajui, na kwa miaka mingi sikuhitaji kuyajua. Nilikuwa nameza na maji, nasubiri, nakunywa chai, naenda kazini.

Kilichoniponza ni nywele. Baada ya Ramadhani niliona zimepungua pembeni, juu ya masikio, nikashikwa na wasiwasi. Mimi ni mtu wa kujifunika. Dubai nzima hakuna aliyewahi kuziona nywele zangu isipokuwa wale tuliolala nao chumba kimoja, na hapo ndipo uuone upuuzi wangu, maana nilizihangaikia kuliko mtu anayezitembeza barabarani. Nikanunua kopo la vitamini za nywele kwenye duka la chini ya jengo letu, lenye picha ya mwanamke mwenye nywele hadi kiunoni. Maelezo yalisema kimoja kwa siku. Mimi nikameza vitatu, kwa haraka zangu.

Chumbani tulikuwa wanne. Waganda wawili, ndugu wa tumbo moja, walikuwa wasusi wa saluni na walitoka asubuhi mapema. Wa tatu ni Njeri, Mkenya wa Nyahururu, mlinzi kwenye ghala moja huko Dubai Investments Park, zamu ya usiku. Basi la kampuni lilimshusha saa mbili asubuhi, akalala mpaka saa kumi jioni, kisha akarudi lindo. Mimi nilikuwa natoka saa saba mchana na kurudi saa nne usiku. Kwa hiyo asubuhi zilikuwa zetu wawili, yeye kitanda cha mlangoni, mimi kitanda cha dirishani. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mimi namzidi karibu kumi, akaniita Mama Asha tangu siku ya kwanza.

Njeri alikuwa na jambo moja tu analolingoja. Msimamizi wake alimwahidi kwamba majira ya baridi yakianza atahamishiwa kwenye duka kubwa, zamu ya mchana, ndani, mbali na vumbi la malori. Aliingoja nafasi hiyo miaka miwili. "Nikienda mall, Mama Asha, nitakuwa nalala usiku kama watu," alikuwa akisema huku anavua buti. Alisema hivyo karibu kila asubuhi, na mimi nilikuwa namjibu inshallah bila hata kugeuza kichwa.

Julai ilikuwa imeingia na joto limeshapanda nilipokwenda kliniki kwa kipimo changu cha mwaka. Nilikaa chini ya televisheni isiyo na sauti, na tiketi ya namba mkononi, kati ya mjenzi wa Kipakistani aliyefungwa bandeji kidoleni na mama wa Kifilipino anayesinzia. Daktari alikuwa Msudani, mtu wa taratibu. Aliisoma karatasi ya damu mara mbili, akaniuliza kama moyo unakwenda mbio, kama nakosa usingizi. Nikasema hapana.

"Damu yako inaonyesha dawa imekuzidi," akasema. "Kuna kitu kingine chochote unatumia?"

"Hakuna, daktari."

Ndivyo nilivyosema. Kwangu vitamini ya nywele haikuwa dawa, ilikuwa urembo, na mbele ya mwanamume nisiyemjua, mimi na hijabu yangu, ningeanzaje kueleza habari za nywele? Akanipunguzia kidonge, kutoka mia moja ishirini na tano hadi sabini na tano. Akaniambia nirudi baada ya wiki sita, au mapema zaidi nikijisikia vibaya. Alilisema hilo wazi kabisa, siwezi kumzulia.

Wiki mbili za mwanzo sikuona kitu. Ya tatu nikaanza kuwa mzito. Ngazi za ghorofa mbili nilikuwa nazipanda kwa mapumziko, nimeshika ukuta. Choo kikafunga siku tano, sita. Visigino vikapasuka, uso ukavimba, hasa chini ya macho, na mama aliponiona kwenye simu akafurahi kweli kweli. "Umenawiri mwanangu, Dubai imekukubali," akasema. Sikuwa na nguvu ya kumbishia. Kisha sauti ikakwaruza na kushuka. Siku moja nilimpigia Asha, nikasema, "Mama, hujambo?" nikamsikia anamwambia bibi yake, "Bibi, huyu baba ni nani?" Akakataa kuongea na mimi wiki nzima. Niliingia choo cha wafanyakazi pale hotelini nikalia, na hata kilio kilitoka kwa sauti hiyo hiyo ya kiume.

Nywele nazo zikaanza kutoka kwa mafungu. Nikaongeza kidonge cha nne cha vitamini.

Lakini kubwa kuliko yote ni baridi. Haikuwa baridi ya ngozi, ilikuwa ndani ya mifupa, na blanketi halikufika huko. Kazini wenzangu walikuwa wanaukimbia mvuke wa mashine ya pasi, mimi naukimbilia, nimeinamia shuka kama mtu anayeota moto. Msimamizi wetu Mhindi alikuwa akinipigia kelele, "Yalla, Zuhura, shuka moja dakika kumi?" Usiku chumbani Waganda waliwasha AC mpaka chini kabisa, na sikuweza kuwalaumu, wao walikuwa wawili, mimi mmoja, na joto lilikuwa joto kweli. Nilikuwa nakesha nimejikunja, nikiingoja asubuhi waondoke.

Asubuhi ndiyo akaja Njeri.

Alikuwa anaingia amelowa jasho mpaka mkanda wa suruali, anaoga, anaiweka AC nyuzi kumi na nane, anajitupa kitandani. Siku ya kwanza nilimwomba, akapandisha mpaka ishirini na nne bila neno. Bado nilitetemeka. Nikaona aibu kumwomba azime kabisa, maana nani anazima AC Dubai mwezi wa nane? Kesho yake alipoingia kuoga, niliizima, nikafungua rimoti, nikatoa betri mbili na kuzificha ndani ya kopo langu la vitamini, kwenye kabati langu. Niliona hapo hakuna mkono mwingine utakaofika.

Akatoka bafuni na taulo kichwani. Akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mama Asha, hii kitu imekataa?"

"Imekataa. Rimoti mbovu hiyo, inakubali ikitaka yenyewe."

"Sasa nitalala aje?"

Nikajifanya nasinzia.

Baada ya nusu saa chumba kilikuwa kama tanuri la mikate, na mimi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikanyoosha miguu. Sitasahau raha ile, na ndiyo inayonichoma zaidi nikiikumbuka. Njeri alilowesha khanga, akajifunika nayo, akashuka kulala sakafuni juu ya vigae. Khanga ilikauka, akainuka kuilowesha tena. Nilikuwa namwangalia kupitia upenyo wa blanketi, mtu aliyesimama usiku kucha getini, anagaragara kutafuta kigae kilichobaki na ubaridi. Saa saba nilipotoka kwenda kazini nikazirudisha betri, nikawasha, nikafunga mlango polepole. Nilijiona nimemtendea haki. Nimemwachia saa tatu za kulala, nikajiambia.

Ikawa ndiyo desturi. Asubuhi natoa, mchana narudisha. Njeri alisema, "Nitanunua betri zingine nikitoka duty," na hakununua. Akasema tena, na hakununua. Unajua nilifikiri nini? Nilimwona mzembe. Mimi niliyeficha betri, nilimshangaa yeye kwa kutonunua nyingine.

Na wakati huo huo yeye ndiye aliyekuwa ananiuguza. Ndiye aliyekamua nguo zangu nilizoshindwa kukamua. Ndiye aliyepita dukani na macho yake mekundu kuninunulia papai. "Kula, Mama Asha, tumbo ifunguke. Wewe hauko sawa, rudi kwa daktari." Nilikuwa namjibu kwamba wiki sita hazijafika. Ukweli ni kwamba niliogopa kazini wakijua naumwa wataniondoa, na pia mwili ukizubaa, akili nayo inazubaa. Kila jambo nililisukuma kesho.

Asubuhi moja alichelewa. Akaingia, akakaa kitandani bila kuvua buti.

"Wamenipiga picha," akasema.

"Picha gani?"

"Supavaiza. Alikuja saa tisa akanipata nimelala kwa kiti, mdomo wazi. Imetumwa ofisini. Ikitokea tena, basi."

Nilimwambia pole. Nikainuka, nikamtengenezea chai ya tangawizi. Siku hiyo sikuzitoa betri, wala siku iliyofuata. Njeri alilala usingizi mzito, anakoroma, na mimi nilikaa bafuni nimefungulia maji ya moto yanipige miguuni.

Siku ya tatu nikazitoa tena.

Hapa ndipo ninapokwama kila nikijitetea. Kabla ya ile picha ningeweza kusema sikujua. Siku ile nilikuwa najua kila kitu. Nilijua yuko kwenye onyo, nilijua anachokisubiri, nilijua kwamba ningeweza kumwambia, "Njeri, nasikia baridi ya kufa, tufanyeje?" Nilikuwa na mdomo. Lakini baridi iliponishika, nilimwona yeye kama kitu kilichosimama kati yangu na joto, nikamsogeza.

Picha ya pili ilipigwa kabla wiki mbili hazijaisha. Safari hii alirudi na bahasha. "Khalas," akasema, akaiweka juu ya mto. "Wanafuta viza. Narudi nyumbani." Hakulia. Aliuliza tu kama kuna maji ya kunywa baridi kwenye friji.

Wiki yangu ya sita ikafika wakati Njeri yumo katika siku zake za mwisho, anangoja tiketi ya ndege. Yeye ndiye aliyenipeleka kliniki, kwa sababu nilikuwa siwezi kufika kituo cha basi bila kukaa chini mara mbili. Tulitoa damu, tukarudi baada ya siku moja kusikiliza majibu. Chumba cha kusubiri kilikuwa na AC kali, nikawa najikunja. Njeri akavua koti lake la ulinzi, ambalo kwa haki alitakiwa awe amelirudisha kampuni, akanifunika magotini. Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ulifunguka, ikatoka, "Ahsante."

Daktari alimwomba aingie pamoja nami, maana nilikuwa nazungumza polepole mno. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, uso uliovimba na sweta, akairudia karatasi.

"Damu bado inasema dawa imekuzidi," akasema. "Lakini wewe mwenyewe unaonekana kinyume kabisa. Una hakika hakuna kitu kingine unatumia?"

"Hakuna."

"Na zile za nywele?" Njeri akauliza.

Daktari akaweka kalamu chini. "Za nywele zipi?"

"Vitamini. Ziko kwa mkebe, kwa kabati yake. Anakunywa mingi."

Nilihisi jasho, mimi ambaye sikutoka jasho tangu Julai. Nilisikia nusu tu ya maneno ya daktari, kwamba vitamini hizo zikiwa nyingi mwilini huweza kukidanganya kipimo, kionyeshe dawa imezidi wakati imepungua, kwamba alinipunguzia kwa kuiamini karatasi hiyo, na kwamba niziache kabisa kisha nipimwe upya. Akilini mwangu kulikuwa na swali moja. Kama Njeri anajua kopo, anajua kilichomo? Nikamtazama. Alikuwa anasoma bango la chanjo ukutani.

Aliondoka baada ya siku mbili. Nilimsindikiza mpaka chini, kwenye teksi, zaidi ya hapo sikuweza kutembea. Aliniachia blanketi lake. "Kwetu ziko mingi," akasema, "Nyahururu watu hulala na tatu." Nilikuwa nimepanga kumwambia tukiwa kwenye ngazi. Kisha nikapanga kumwambia mlangoni. Dereva akafunga buti ya gari, na mimi nikapunga mkono.

Kipimo kilichofuata kilisema ukweli. Daktari alinirudishia kiwango changu cha zamani cha dawa, akanionya kwamba nafuu haitakuja kesho. Haikuja. Kwanza choo, ndiyo neema ya kwanza, usicheke. Kisha macho yakatoka kwenye uvimbe. Siku moja pale kwenye mashine ya pasi nikajikuta nimerudi nyuma hatua mbili kwa sababu mvuke umenichoma uso, nikasimama nikicheka peke yangu mpaka msimamizi akauliza kuna nini. Sauti ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa imeshafika ile miezi ambayo watu Dubai wanafungua madirisha, nilipompigia Asha akasikiliza kidogo, akasema, "Mama, ulikuwa wapi?"

Wewe uliyepunguziwa dawa na unasoma haya, ukiulizwa unatumia nini, taja vyote, cha duka, cha mitishamba, cha nywele, cha aibu. Ukisikia baridi isiyo ya kawaida usingoje wiki zitimie. Na uwaambie unaoishi nao. Waambie kwa mdomo, ungali mtu wanayemjua.

Njeri nilimpigia mwezi uliofuata, asubuhi, saa ile ile aliyokuwa akirudi kutoka kazini. Nyuma yake nilisikia ng'ombe.

"Njeri, ile rimoti haikuwa mbovu."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Betri zilikuwa kwa mkebe ya nywele. Nilizipata siku ya pili, nikitafuta Panadol."

Nilikaa chini sakafuni. "Mbona hukuzirudisha?"

"Nilizirudisha. Ulikuwa umeenda choo. Nikawasha AC, nikalala. Ukarudi, ukajifunika, meno ikaanza kugongana. Mama Asha, kitanda yako yote ilikuwa inatetemeka. Ulikuwa unalia na hata hukuwa unajua unalia. Nikaona huyu mtu atanifia hapa. Nikazima, nikaziweka kwa mkebe tena."

"Ungenisema."

"Nikuseme uwe mgonjwa na uwe na aibu?" Ng'ombe akalia. "Lakini nilikasirika. Usifikirie sikukasirika. Saa zingine hata sasa."

"Una haki."

"Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Sawa. Wacha nikamue, nimechelewa."

Hatujazungumza tena, ingawa namtumia salamu kila Ijumaa na yeye hunijibu Jumapili.

Kwenye kitanda cha mlangoni sasa analala binti wa Singida, mlinzi naye, zamu ya usiku. Akirudi asubuhi anakuta rimoti juu ya mto wake, betri ndani. Mimi nachukua kikombe changu cha chai na blanketi la Njeri, naenda kuinywa kwenye ngazi, ambako hakuna AC, mpaka nisikie amelala.